Pipa la Saba Linapungua

Jumatatu, 2 Septemba

Tumeanza kukata miwa ya upande wa mfereji. Joto kali. Nimepima mapipa yote kumi na mawili ya ramu kwa kijiti, kama nifanyavyo kila Jumatatu. Mengine yamepungua nusu kidole tangu katikati ya Agosti. Pipa la saba limepungua vidole vinne.

Haya nayaandika nyumbani kwa sababu daftari la kiwanda linasomwa na kila mtu. Nilikuwa mtunza maabara wa sekondari hapa Matuu kwa miaka ishirini na mitatu, na nilichojifunza ni kwamba kitu kisichoandikwa siku hiyo hiyo, kesho kitakuwa na maelezo matatu. Nilipostaafu, Mzee Ndunda, mwenye kiwanda, aliniita nimpikie ramu. Alisema anataka mtu anayejua kipimo, mtu wa kuonja atapatikana popote. Mpaka leo watu wananiita Mwalimu.

Nilimwonyesha Mzee kijiti. Akacheka. Alifanya kazi Morisi kwenye viwanda vya sukari miaka kumi na tisa, na huko, anasema, ramu inayopotelea hewani kupitia mbao za pipa huitwa fungu la malaika. Kwenye jua kama letu malaika hunywa zaidi.

Lakini kwa nini wanywe pipa moja tu?

Jumatano, 4 Septemba

Kinu kimevunjika jino. Hakuna kazi.

Ijumaa, 6 Septemba

Ghala la mapipa lina funguo mbili. Moja anayo Mzee. Nyingine anayo Bartholomew, anayelichunga ghala na kuwasha moto wa mtambo. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, Mkatoliki wa kila Jumapili, wala hajawahi kutia ramu mdomoni. Zamani nilimsifu kwa hilo. Leo nimeanza kujiuliza: mtu asiyeonja anachokichunga, hamu ya kukichunga anaitoa wapi?

Saa kumi jioni nilimwona akitoka na mtungi wa plastiki wa lita ishirini nyuma ya baiskeli, umefunikwa gunia. Nilisimama dirishani mpaka akapinda njia ya kwao. Sikumuuliza.

Ijumaa, 13 Septemba

Mtungi tena. Gunia lile lile.

Jumamosi, 14 Septemba

Wageni kumi na mmoja kutoka Nairobi, wamekuja kuona ramu inavyotengenezwa. Mzee alivaa kofia yake ya ukindu, akawatembeza. Nimemsikia akisema maneno haya mara hamsini na bado nasimama kumsikiliza.

Anaanza na mwanzo. Kwamba huko visiwa vya sukari, ng'ambo ya bahari, watu wetu waliosafirishwa kwa minyororo walikata miwa mpaka wakafa kwenye mistari yake. Sukari iliondoka kwenda kwa wenyewe. Ile molasi nyeusi iliyobaki ilikuwa takataka, waliachiwa ng'ombe na watumwa. Watumwa ndio walioona inatoa povu, ikaumuka, wakaijaribu. Wenye mashamba walipoonja, wakaichukua hiyo nayo. Kisha wakaijaza mapipani, wakaileta pwani za Afrika ya Magharibi, wakanunulia watu wengine. Hapo wageni huangalia glasi zao.

Halafu anawachekesha. Mabaharia wa Waingereza walipewa kipimo cha ramu kila siku, na hawakumwamini mgawaji. Basi waliimwaga kwenye baruti na kuwasha. Ikiwaka, ramu ni ya kweli. Isipowaka, mtu ametia maji, na mtu huyo usingependa kuwa yeye.

Mwisho anawarudisha nyumbani. Babu yake alitengeneza kaluvu, pombe ya kienyeji, kwa miwa iliyotwangwa na tunda la mti wa mwatine la kuiumua, na kabla mzee yeyote hajaweka kibuyu mdomoni, tone la kwanza lilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana hakunywa. Anayetengeneza ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya macho ya watu. "Hiyo ndiyo ilikuwa leseni yetu," Mzee anasema. Wageni walipiga makofi. Bartholomew alikuwa mlangoni, na kwenye habari ya baruti, ambapo kila mtu alicheka, yeye aliangalia miguu yake.

Saa saba mchana Mzee alituruhusu sote kwenda nyumbani. Kuanzia sasa Jumamosi tutafanya nusu siku, tupumzike. Hana hata mke wa kumlazimisha awe na huruma, lakini anayo.

Jumatatu, 16 Septemba

Pipa la saba: kidole kimoja na nusu kwa wiki moja.

Jumanne, 17 Septemba

Nimepika mara mbili. Maji ya kwanza yanayodondoka mtamboni tunayaita kichwa. Yana harufu ya gundi na hayanywewi. Nilijaza chupa mbili, nikaziweka kando ili nizimwage. Niliporudi kutoka chooni Bartholomew alikuwa ameshazimwaga. Alisema alitaka kunisaidia. Nimeyaandika haya kama yalivyo.

Ijumaa, 20 Septemba

Mahmud wa chupa alikuja na pikapu. Ana duka mjini Machakos, ananunua chupa tupu, anaziosha, anatuuzia. Baba yake alitoka Pwani, yeye amezaliwa hapa, na Kikamba chake ni kizuri kuliko cha mwanangu Mumo. Alishusha kreti, kisha akasimama getini na Bartholomew wakinong'ona. Nilipokaribia wakaanza kuzungumza habari ya mvua. Mbingu haina wingu hata moja.

Wawili ambao hawanywi, na wanaelewana kuhusu ramu.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo nimefanya kama nilivyofanya shuleni wakati spiriti ya maabara ilipokuwa inapotea. Bartholomew alipoondoka na mtungi wake, nilimwomba Mzee ufunguo nikisema nimesahau miwani ghalani. Nikafunga uzi mweusi kwenye kizibo cha pipa la saba, mwembamba, huwezi kuuona usipoujua.

Jumatatu, 30 Septemba

Uzi umekatika. Kidole kimoja na nusu tena.

Bartholomew hufika saa kumi na mbili asubuhi, mimi saa moja. Saa nzima yuko peke yake. Nimekaa na jambo hili siku nzima kama jiwe ndani ya kiatu. Yeye ndiye aliyenibeba kwenye baiskeli nilipougua malaria mwezi wa Mei. Mkewe, Mbula, alinipikia uji siku tatu. Ndiyo sababu linaniuma, na ndiyo sababu siwezi kumwuliza. Nikimwuliza, atajificha vizuri zaidi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu. Nimepanda ndengu kwenye vumbi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mzee amepata oda ya Desemba, kreti mia moja na ishirini. Amefurahi kama mtu aliyeoa. Nilimwambia wazi kwamba miwa yetu yote, hata tukipika usiku na mchana, haiwezi kutoa zaidi ya hamsini. Akanishika bega: "Mwalimu, wewe pika yako. Njia haikosi."

Nikamwambia pia habari ya uzi. Uso wake ulibadilika, akakaa kwenye benchi. Aliniuliza ni nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akaniambia nisimwambie mtu, tumwache mwizi azoee, tutamkamata mkono ukiwa ndani ya pipa. Nilijisikia mwepesi. Hatimaye tuko wawili.

Jumatatu, 21 Oktoba

Vidole viwili. Mzee alinikonyeza tu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nusu siku. Upepo wa moto, vumbi jekundu mpaka ndani ya chai. Wingu lilikusanyika upande wa Kitui, halafu likaondoka kama limeitwa na mwingine.

Jumatatu, 28 Oktoba

Bartholomew alitaka kuniambia kitu. Alikuja mtamboni, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, niko na maneno." Nilikuwa natazama kipimajoto na nikamjibu bila kugeuka kwamba aseme. Akasubiri. Mzee akatokea akiwa na barua mkononi. Bartholomew akavaa kofia, akasema si kitu, ni habari ya kuni.

Nimefikiri alitaka kuungama. Nimefikiri pia kwamba nilimwogopa, ndiyo maana sikugeuka.

Jumatatu, 4 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya mahari huko Katangi. Mbuzi, pilau, wazee wa pande mbili. Kwenye meza ya wazee palikuwa na chupa sita za ramu yetu, yenye lebo yetu ya muwa na jua. Jumapili asubuhi watu walianza kulalamika kwamba wanaona ukungu. Wengine walitapika. Kufikia jioni wawili walikuwa wamefariki njiani kwenda hospitali, na leo mchana wa tatu, baba wa bibi harusi. Wawili wako wodini. Mmoja ni fundi viatu, anaitwa Nzau, ana miaka thelathini na minne. Haoni kabisa.

Polisi walifika saa nne. Walikuwa na adabu. Walifunga geti kwa mnyororo, wakachukua chupa, wakachukua lebo zote kutoka ofisini kwa Mzee. Wafanyakazi tulikaa chini ya paa la kinu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mtu alikuwa anahesabu ndani ya kichwa chake ni nani aliyegusa nini, na mimi hesabu yangu ilikuwa tayari tangu Septemba.

Mzee alilia. Sijawahi kumwona akilia. Alinivuta kando, chini ya mti wa mpera, akaniuliza: kile kichwa cha mtambo, kikichanganywa na ramu, si kinaweza kuua? Nikasema kinaweza kuumiza. Akasema, "Na ni nani aliyekuwa anakimwaga?"

Nikakumbuka zile chupa mbili.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeandikisha taarifa kituoni. Nimesema ukweli mtupu: pipa, ufunguo, uzi, mtungi wa kila Ijumaa, zile chupa mbili, minong'ono na Mahmud. Afisa aliandika kwa mkono mzuri, akanisomea. Kila neno lilikuwa la kweli. Yalivyokaa pamoja, yalikuwa mtu mmoja tu.

Walimchukua Bartholomew saa tisa, nyumbani kwake, akiwa na jembe. Gari lilipita mbele ya kioski nilipokuwa nikinunua mkate. Alikuwa nyuma, kati ya askari wawili. Aliniona. Hakugeuza uso.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua imenyesha usiku kucha. Ya kwanza.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Mtu mmoja zaidi amefariki Katangi. Sasa ni wanne.

Jumamosi, 9 Novemba

Mbula alikuja. Hakuingia. Alisimama kwenye tope nje ya geti, mimi nikiwa kibarazani, akaniambia askari walichimba rundo lao lote la samadi wakitafuta ramu. Walikuta mtungi umejaa. Waliufungua, wakanusa. Ni yale maji meusi yanayobaki mtamboni ukishamaliza kupika, yale tunayoyamwaga shimoni. Bartholomew alikuwa akiyamimina kwenye samadi kila Ijumaa. Mahindi yao ya msimu uliopita yalikuwa mazito kuliko ya jirani yeyote, na hiyo ndiyo siri yake yote.

Nikamwuliza kwa nini alifunika gunia.

"Kwa sababu yananuka, Mwalimu," Mbula alisema. "Watu wanalalamika njiani. Na aliomba ruhusa. Mzee Ndunda mwenyewe alimwambia chukua."

Akageuka, akaenda zake. Nimekaa na neno hilo la mwisho. Mzee alikuwepo kituoni niliposema habari ya mtungi. Alikuwa amekaa kiti cha pembeni, miwani mkononi. Alinisikia nikiutaja mtungi mara tatu. Angeweza kusema, huo mimi naujua. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimesoma upya daftari hili tangu mwanzo. Nimelisoma kama ninavyosoma matokeo ya mwanafunzi ninayemshuku amenakili.

Funguo ni mbili. Niliandika hivyo mwenyewe, tarehe sita Septemba. Kisha nikaanza kuhesabu moja.

Uzi niliufunga Ijumaa ukakatika kabla ya Jumatatu. Katikati kuna Jumamosi, nusu siku, sote tumekwenda nyumbani kupumzika.

Halafu kuna jambo ambalo mtunza maabara alipaswa kuliona bila daftari. Kichwa cha ramu ya miwa kinaumiza kichwa, kinatapisha. Hakipofushi watu kwa chupa sita. Kinachopofusha hivyo ni methanoli, na methanoli haitoki kwenye miwa yetu kwa wingi huo. Inanunuliwa. Inakuja kwa madramu. Nilikuwa najua hili nikiwa na miaka ishirini na tano. Lakini nilipoulizwa chini ya mpera nilikuwa tayari na mtu wangu, na nilitaka kile kichwa cha mtambo kitoshe kumtia hatiani.

Jumatano, 13 Novemba

Mahmud amekuja nyumbani kwangu, saa nane, na mvua. Nilitaka kumwambia kupitia dirishani kwamba siko vizuri. Nikamfungulia.

Alikuwa na mfuko. Ndani kulikuwa na chupa iliyofungwa kwa gazeti, ina vidole viwili vya kinywaji. Wanawake wanaokusanya chupa Katangi walimletea gunia zima juzi, na hii ilikuwa ndani, kizibo kimebana. Lebo yetu. Alisema hajaifungua wala hataifungua, na kwamba anataka kuipeleka polisi lakini anaogopa, maana jina lake tayari limeandikwa kwenye taarifa ya mtu.

Nikamwambia taarifa hiyo ni yangu.

Akasema anajua. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye kanzu. Kisha akasema, "Mama Mumo, mimi hii kitu sinywi. Lakini chupa najua. Tangu Agosti nimeuzia Ndunda kreti mia na arobaini. Nyinyi mmejaza ngapi?"

Tumejaza thelathini na nane. Kreti nilizoona zikishushwa zilikuwa arobaini. Nyingine, Mahmud alisema, alizipeleka Jumamosi jioni, Mzee akimsubiri getini peke yake. Alidhani sisi sote tunajua. Siku ile ya kunong'ona, Bartholomew alikuwa akimwuliza jambo hilo hilo: kwa nini pikapu imeingia Jumamosi? Alikuwa ameona alama za magurudumu. Na ghalani, nyuma ya kuni, alikuwa ameona madramu mawili ya bluu asiyoyajua, ambayo Jumatatu iliyofuata hayakuwepo.

Niko na maneno, aliniambia. Na mimi nilikuwa natazama kipimajoto.

Nilichukua kipande cha waya wa shaba nyekundu kutoka kwenye sanduku la marehemu mume wangu, nikakisokota, nikakiweka kwenye makaa mpaka kikawa chekundu. Nikamimina kijiko cha ile chupa kwenye kikombe kilichovunjika mkono, nikachovya waya. Nikarudia mara nne, mara tano. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa ramu yangu mwenyewe, chupa ya mwaka jana niliyopewa Krismasi. Ramu yangu ilinuka kama tufaha linaloanza kuoza, ndivyo inavyotakiwa. Ile nyingine ilipanda puani ikachoma, macho yakanitoka machozi. Mahmud alirudi nyuma mpaka mlangoni. Harufu hiyo naijua. Ni dawa ya kwenye mitungi ya maabara, ile tuliyohifadhia vyura na nyoka. Methanoli ikiguswa na shaba ya moto inageuka hiyo.

Nilirudia mara moja zaidi. Nilitaka nikosee.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Ndunda. Mahmud alinisubiri kwenye pikapu. Chupa tuliiacha humo.

Mzee alikuwa kibarazani akitazama mfereji. Umejaa, maji mekundu. Aliniita nikae, akaagiza chai. Nilikataa chai, na hapo akajua, kwa sababu alifuta miwani muda mrefu sana.

Nilimwambia yote kwa mpangilio, kama ripoti. Hakubisha. Alisema madramu aliyanunua Mlolongo, kwa mtu wa malori, mawili, halafu mengine mawili. Aliambiwa ni spiriti safi ya miwa. Madramu ya kwanza yalikuwa safi, aliyaonja mwenyewe. Alichanganya na ramu ya pipa la saba ili ipate rangi na harufu. Madramu ya pili hakuyaonja. Alikuwa na haraka ya oda. Zile chupa sita alimpa mwenye sherehe kama zawadi, ni mtu wa ukoo wake.

"Mimi pia nilidanganywa, Mwalimu," alisema.

Nikamwuliza kwa nini alimwacha Bartholomew achukuliwe.

Alitazama maji. Alisema kiwanda kikifa, familia thelathini za wakulima wa miwa zimekufa nacho. Kwamba Bartholomew ni kijana, kesi kama hizo huchukua muda, mwisho ushahidi unakosekana, anatoka, na yeye angemtunza Mbula na watoto wakati huo wote. Alikuwa amekwisha kulipanga. Kisha akasema kwa sauti ile ile anayotumia na wageni, ile ya upole: "Na sikusema neno lolote juu yake mimi. Nenda usome ile taarifa. Ni wewe ulisema."

Nimekuwa nikimheshimu mtu huyu miaka sita. Nilikuwa nikisimama kusikiliza anaposimulia watumwa na mapipa. Nilisimama leo pia, lakini kuondoka. Aliniita mara moja, kwa jina langu, Ndila, ambalo hajawahi kulitumia. Sikurudi.

Tulikwenda kituoni moja kwa moja. Nilimkabidhi afisa chupa, Mahmud akaandikisha yake, mimi nikaandikisha mpya. Afisa aliniuliza ni ipi ya kuamini, hii au ya kwanza. Nikasema ya kwanza niliandika nilichokishuku na ya pili nimeandika nilichokiona. Akaniambia niliyoandika mara ya kwanza pia niliapa kuwa ni kweli. Nikasema ndiyo. Akaandika hilo pia, na nikatia sahihi.

Jumamosi, 16 Novemba

Wamemchukua Mzee Ndunda jana. Watu wa soko wamegawanyika. Wengine wanasema nimeua kiwanda. Mwanamke mmoja anayelima miwa alitema mate karibu na mguu wangu, si juu yake.

Jumatano, 20 Novemba

Mkemia wa serikali ametoa majibu ya chupa. Ni kama nilivyonusa.

Ijumaa, 22 Novemba

Bartholomew ameachiliwa. Siku kumi na saba. Nimesikia kutoka kwa Mahmud.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda Katangi kwa Nzau. Sikuwa na uhakika kama nitafika mlangoni, nikafika. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kiatu cha mtu mapajani, akipitisha uzi wa nta kwa vidole polepole. Dada yake alimwambia mimi ni nani. Nilingoja anifukuze.

Aliniuliza kama ile kitu ilikuwa na ladha tofauti. Maana yeye, alisema, hajawahi kunywa ramu kabla ya siku hiyo, ni ya watu wenye pesa, na alipoonja alidhani ndivyo ilivyo. Kila siku anajiuliza kama mtu mwingine angejua. Nikamwambia hapana. Hata mimi ningeinywa. Haina ladha ya kumwonya mtu.

Alivuta uzi, akakaza. "Basi si ujinga wangu," alisema.

Nikasema si wake.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekwenda kwa Bartholomew.

Nilichelewa wiki mbili nikijidai nasubiri barabara ikauke. Alikuwa shambani, anapalilia mahindi. Amekonda, na ana kikohozi. Mbula alinipita kwenye uwanja akiwa na ndoo, hakunisalimu.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilimwambia nilimshuku tangu Septemba, nikamweleza mambo yote, moja moja, hata la kwamba hanywi. Nikasema nimekosa. Nikasema nitakwenda mahakamani kusema hivyo mbele ya watu. Aliendelea kupalilia mstari mpaka mwisho, akarudi na mstari mwingine mpaka akanifikia. Akaegemea jembe.

"Mwalimu, ungeniuliza tu," alisema. "Tumekaa pale miaka sita. Hata siku moja, uniulize, Bartholomew, umebeba nini? Ningefungua uone."

Nilikuwa na vijiti, nyuzi, tarehe, na swali hilo la maneno matatu halikuwahi kunipita mdomoni. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alikohoa, akarudi kwenye mahindi.

Nilisimama ukingoni mwa shamba, sijui muda gani. Mvua ikaanza, matone makubwa. Nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimefika njiani niliposikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Mbula. Alikuwa na gunia tupu, amelikunja pembe moja ndani ya nyingine, vile tunavyofanya ili likae kichwani. Alininyooshea bila kunitazama usoni.

Nililipokea, nikajifunika.

"Utalirudisha," alisema.